Gia Nne za Kurudi Nyuma

Tuliinunua kwa kilo, kama nyama,
kwenye mnada wa shamba la mkonge nje ya Muheza.
Mshika mizani akauliza, "Inazunguka?"
Shekiondo akamjibu, "Wewe pima."
Silinda tatu, kijani kilichobabuka,
namba 2 ubavuni kwa rangi nyeupe,
na kwenye feni singa za mkonge
zimejisokota kama mvi kwenye kitana.

Miaka thelathini ilijua neno moja.
Haikupanda mlima, haikumpisha ng'ombe wala harusi.
Saa kumi na mbili asubuhi gavana aliishika sikio
ikaenda mwendo ule ule hadi jioni,
ikaizungusha korona, korona ikatafuna majani,
bila yenyewe kuhama hata shubiri.

Kombi yangu ilikwenda kila mahali mpaka ikafa.
Ya mwaka sabini na moja, buluu na maziwa.
Kaka Mbaruku aliniachia alipohamia Maskati.
Kila mwezi anapiga: "Umeshaiuza?"
Kila mwezi mtandao unakatika.

Karakana iko Mabawa, ina ukuta mmoja;
pande tatu zilizobaki ni upepo na madeni.
Shekiondo alichora bamba juu ya katoni ya sabuni:
huku matundu ya injini, huku ya gia boksi,
koo mbili zisizosalimiana,
na katikati chuma cha milimita kumi na sita
kiwe mshenga.
Kilua, mchongaji wa reli, alikitoboa mara mbili.
Mara ya kwanza alikosea kwa unene wa ukucha.
"Ukucha ndio unaoua klachi," alisema Shekiondo.
Chuma kile cha kwanza sasa kinafunika kisima
nyumbani kwa mama mkwe wake.

Sampu tuliikata, tukaiunga.
Rejeta ikahamia mbele, mabomba yakapita uvunguni.
Kifuniko cha nyuma kilikataa kukaa,
tukakifunga kwa kamba.
Ya katani, ingekuwa ya nini tena?

Ijumaa, baada ya swala, tukaiwasha.
Ikakohoa, ikatema masizi kwenye nguo za jirani,
kisha ikashika.
Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza,
nikasema bismillahi, nikaachia.
Kombi ikarudi nyuma.
Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeaga ukumbi wa mfalme,
ikaiangusha meza ya muuza mihogo.
Gia ya pili: nyuma, mbio zaidi.
Tulikuwa na gia nne za kurudi
na moja ya kwenda.

Watoto wa Mabawa walicheka wiki nzima.
Shekiondo alikaa juu ya tairi
akizungusha kidole hewani, kulia, kushoto,
kama anayemvutia uzi mtu asiyeonekana.
"Haina kosa," alisema hatimaye.
"Ndivyo ilivyofunzwa. Tumgeuze anayepokea."
Akalipasua gia boksi,
gurudumu la meno akalihamishia upande wa pili.
Mihogo nililipa mimi.

Siku ya majaribio, injini ikinguruma bado hatujatoka,
akapita mwanamke na kikapu cha bamia.
Akasimama. Hakutuamkia.
"Hiyo ni namba mbili."
Injini imo tumboni mwa gari, haoni kitu.
"Nimeanika singa miaka kumi na tisa kwa sauti hiyo.
Ikizimwa hupiga chafya mbili."
Shekiondo akazima.
Moja.
Tukangoja, tukatazamana.
Mbili.

Mwanabibi Kisaka, alisema anaitwa.
Nikamfungulia mlango wa mbele, nikapangusa kiti.
Akakitazama kiti, akaitazama barabara ya Pongwe.
"Kwa hiyo sasa inakwenda?"
"Inakwenda."
"Na ikiambiwa isimame?"
Hapo nilimeza mate.
Breki zilikuwa bado za mwaka sabini na moja.

Akapanda hivyo hivyo, kikapu mapajani,
akalaza kiganja juu ya bati la mlango
mahali mtetemo unapopita.
Simu ikalia mfukoni: Maskati.
Nikatia gia ya kwanza.